Pampu za dripu: Faida ipo kwenye matengenezo kuliko kwenye kuuza mashine

MFANYABIASHARA anayefika Dunda, kata yenye mji mkongwe wa Bagamoyo, huona kwanza soko la samaki na majahazi ufukweni. Biashara ile haina siri. Samaki wa asubuhi asipopata mnunuzi hadi jioni, bei imekwisha. Lakini katika mji huohuo lipo soko jingine lisilopigiwa mnada, nalo ni la kutunza na kutengeneza mashine za hospitali.

Kati ya mashine hizo, pampu ya dripu inafaa kuangaliwa na mwenye mtaji mdogo. Ni ndogo, inabebeka kwenye basi, na ikigoma wodini wauguzi hujua papo hapo. Wengi walioingia katika biashara hii walianza kwa kuuza mashine mpya. Makala haya yanaeleza kwa nini fedha ya kudumu iko kwenye betri, mirija, vipimo na mafunzo, na kwa nini asiyejua kazi anaweza kupoteza mtaji wake na uhai wa mtu mwingine kwa pamoja.

Bagamoyo si mgeni katika mambo ya tiba. Sewa Haji Paroo, tajiri wa karne ya 19 aliyefanya biashara ya misafara iliyokwenda bara, alitoa mali yake kujenga hospitali Bagamoyo na Dar es Salaam. Leo mji una hospitali ya wilaya, chuo cha uuguzi na tawi la Taasisi ya Afya Ifakara. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilianzia Bagamoyo mwezi Mei 2009. Kazi za namna hiyo hudai majokofu, mizani na mashine ambazo vipimo vyake vinaaminika. Mahali penye hospitali, wanafunzi na utafiti kwa pamoja ndipo penye wateja wa matengenezo.

Pampu ni nini

Dripu ya kawaida huteremka kwa uzito wa maji yenyewe. Chupa huning'inizwa juu ya stendi, mrija hushuka hadi kwenye mshipa wa mgonjwa, na muuguzi hurekebisha kasi kwa gurudumu dogo la plastiki. Pampu hufanya kazi hiyo kwa mota, tena kwa kipimo kilichoandikwa kwenye skrini.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile inayobana mrija wa dripu kwa vidole vidogo vya chuma au plastiki vinavyopokezana, na hivyo kusukuma maji kidogo kidogo. Ya pili ni pampu ya sindano. Bomba la sindano lililojazwa dawa hulazwa juu ya mashine, na skrubu ndefu inayozungushwa na mota husukuma pistoni yake polepole. Ya kwanza hutumika kwa maji mengi. Ya pili hutumika kwa dawa kali za kiasi kidogo na kwa watoto wachanga.

Zote zina walinzi wao ndani. Kipo kihisio cha hewa kwenye mrija, kipo cha kuziba kwa mrija, na ipo kengele ya betri kuisha. Pampu nyingi huahidi kosa lisilozidi asilimia 5 ya kiasi kilichopangwa. Ahadi hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia, na ndiyo fundi anayopaswa kuilinda.

Hesabu ya matone

Pasipo pampu, muuguzi huhesabu matone kwa saa ya mkononi. Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Akiamriwa kumpa mgonjwa lita 1 kwa saa 8, hesabu yake ni mililita 1,000 mara matone 20, gawanya kwa dakika 480. Jibu ni karibu matone 42 kwa dakika. Mrija wa watoto hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hiyo mililita 20 kwa saa ni matone 20 kwa dakika.

Hesabu hiyo ni nzuri darasani. Wodini mgonjwa akigeuka kitandani, akiinua mkono, au mrija ukijikunja, kasi hubadilika. Kwa maji ya chumvi ya kawaida mtu mzima anaweza kuvumilia. Kwa oksitosini inayopewa mama mjamzito, insulini, adrenalini au chumvi ya potasiamu, kosa hilo laweza kuua.

Mahitaji yenyewe yamehama katika miaka ya karibuni. Zamani malaria kali ilitibiwa kwa kwinini iliyopitishwa kwenye dripu kwa saa nne, na wodi zilijaa stendi za dripu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza artesuneti ya sindano kwa watu wazima mwaka 2006 na kwa watoto mwaka 2011. Dawa hiyo huchomwa kwa muda mfupi na haihitaji dripu ya saa nne. Mfanyabiashara aliyetegemea malaria peke yake angesema soko limekufa. Sivyo. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa karibu Sh trilioni 1.3 kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi na idara za dharura. Huko ndiko pampu zinakotakiwa hasa, pamoja na wodi za wazazi na za watoto wachanga.

Zinavyoharibika

Pampu nyingi zinazoandikwa "mbovu" hazijafa. Ubovu wake hujirudia, na fundi mwenye uzoefu huanza na mambo mepesi kabla ya kushika bisibisi.

La kwanza ni betri. Pampu nyingi za zamani hutumia betri za risasi zilizofungwa, jamaa za zile za kengele za wezi na za mashine za kuhifadhi umeme wa kompyuta. Betri hiyo ikiachwa stoo miezi mingi bila chaji hujiharibu yenyewe. Pampu ikiwekwa kabatini ikiwa nzima, hutolewa ikiwa mbovu, na hakuna aliyeigusa.

La pili ni uchafu. Maji ya sukari yakimwagika na kukauka juu ya kihisio, mashine hulia kuwa kuna hewa au kuwa mlango haukufungwa. Dawa yake mara nyingi ni kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa utaratibu wa kitabu cha mtengenezaji. Kumwagia maji mashine nzima ni kuiua.

La tatu ni mrija usio wake. Pampu iliyopangwa kwa mrija wa kampuni fulani ikifungwa mrija mwingine wenye ukuta mnene au mwembamba zaidi, itazunguka vizuri na kuonyesha namba nzuri, lakini kiasi kinachoingia mwilini kitakuwa tofauti. Huu ndio ubovu wa hatari zaidi kwa sababu hauna kelele.

La nne ni umeme: fyuzi, waya wa soketi, na umeme unaopanda na kushuka. La tano, kwa miji ya pwani kama Bagamoyo, ni hewa ya chumvi. Hula viungo vya shaba na vituo vya betri, hasa mashine ikikaa karibu na dirisha linalotazama bahari. Mwisho kabisa ndipo huja mota, skrubu na saketi zenyewe, ambazo hudai vipuri vya mtengenezaji.

Utafiti unakubaliana na uzoefu huo. Mwaka 2010 Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na mwenzake walichapisha uchambuzi wa maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali za nchi zenye uwezo mdogo. Waliona kuwa asilimia 66 ya mashine zilizosimama zingeweza kurudi kazini kwa ujuzi wa msingi wa aina 107, bila kuagiza kipuri hata kimoja kutoka nje. Mwaka uliofuata uchambuzi mwingine wa Malkin na mwenzake, uliohusu orodha za vifaa za nchi 16, ulionyesha kuwa karibu asilimia 38 ya vifaa vilikuwa havifanyi kazi. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa mafunzo, usimamizi hafifu na miundombinu mibovu.

Kwa lugha ya soko, theluthi mbili ya kazi ni maarifa, na theluthi moja tu ndiyo vipuri vya kigeni.

Mafunzo ni bidhaa

Watu wanaohitaji mafunzo ni wa makundi mawili, na mfanyabiashara asiwachanganye.

Muuguzi na mwanafunzi wa uuguzi wanahitaji kujua kupanga kipimo, kusoma kengele, kuchagua mrija, kuacha mashine ikichajiwa wakati haitumiki, na kufunga kibano cha mrija kabla ya kuutoa kwenye pampu. Hilo la mwisho lina uzito wake. Mrija ukitolewa wazi, dawa yote iliyobaki kwenye chupa yaweza kuteremka kwa mkupuo. Mwanafunzi akijifunza jambo hili kwa picha ya ubaoni tu, atalikuta kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa halisi.

Fundi sanifu wa vifaa tiba anahitaji kujua kupima. Kipimo cha msingi si cha gharama. Pampu hupangwa mililita 60 kwa saa, hujazwa maji safi, na huachwa isukume kwa saa nzima ndani ya chombo kilicho juu ya mizani sahihi ya dijitali. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Kama ahadi ya mashine ni kosa la asilimia 5, mizani isome kati ya gramu 57 na 63. Ikizidi au ikipungua hapo, pampu hairudi wodini. Baada ya hapo mrija hubanwa makusudi kuona kama kengele ya kuziba italia, hewa huingizwa makusudi kuona kama mashine itasimama, na plagi huchomolewa kuona betri itadumu kwa muda gani. Matokeo huandikwa kwenye daftari kwa namba ya mashine na tarehe.

Nchini mafunzo ya ufundi wa vifaa tiba hutolewa na vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, na Chuo cha Ufundi Arusha. Kenya, vyuo vya KMTC hufundisha fani hiyo pia. Uganda imejenga karakana za kanda zinazohudumia hospitali za mikoa. Vijana wanaohitimu wapo. Wanachokosa wengi wao ni mashine za kujifunzia, vitabu vya mtengenezaji na vifaa vya kupimia.

Hapo ipo nafasi ndogo ya biashara. Pampu iliyofikia mwisho wa utumishi bado inafaa darasani, mradi iondolewe kabisa kwenye orodha ya wodi na kuandikwa kwa rangi isiyofutika kuwa ni ya mafunzo tu. Mwenye kuuza mashine kumi na kuongeza siku mbili za mafunzo kwa wauguzi na fundi hupunguza simu za malalamiko, na hurudi mwaka unaofuata kama mtu anayefahamika.

Hesabu ya mrija

Bei za hapa chini ni za mfano wa hesabu tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme pampu moja inauzwa Sh 3,000,000 na hukubali mrija wa kampuni yake peke yake, Sh 15,000 kila mmoja. Pampu ikitumika siku 240 kwa mwaka na mrija ukibadilishwa kila siku tatu, hospitali itanunua mirija 80, yaani Sh 1,200,000. Katika miaka miwili na nusu mirija imekula bei ya mashine. Katika miaka minane ni Sh 9,600,000, zaidi ya mara tatu ya bei ya kununulia.

Pampu nyingine inayokubali mrija wa kawaida wa Sh 1,500 itatumia Sh 120,000 tu kwa mwaka. Hata ikiuzwa Sh 4,500,000, nyongeza ya Sh 1,500,000 hurudi kabla ya mwaka wa pili kwisha. Lakini ni lazima mtengenezaji aitaje kwa maandishi aina ya mrija huo, na pampu ipimwe nao.

Ndiyo maana baadhi ya wauzaji wakubwa duniani huweza kuacha mashine kwa bei ya chini au bila malipo. Ni biashara ya wembe na kishikio chake. Muuzaji mdogo asishindane kwa bei ya mashine. Ashindane kwa kuwa na mirija stoo siku hospitali inapoihitaji.

Kwa upande wa karakana, tuseme vifaa vya kupimia, zana na akiba ya betri vinagharimu Sh 6,000,000. Kuzirudisha kwa miaka mitatu kunadai Sh 2,000,000 kila mwaka. Kama kila kituo, baada ya nauli na mshahara wa fundi, kinaacha Sh 400,000 kwa mwaka, vinahitajika vituo vitano. Bagamoyo peke yake haitoshi. Hesabu hukaa sawa ikiunganishwa na Chalinze, Kibaha na upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, na fundi akishika pia mashine za kufyonza uchafu, za oksijeni na za presha katika safari moja.

Mtumba na misaada

Kontena la pampu zilizotumika huvutia kwa bei. Mwenye kulitaka aulize maswali manne kabla ya kutuma fedha.

Je, umeme wake ni wa volti 230? Mashine ya Marekani ya volti 120 isiyo na kibadilishaji ikichomekwa kwenye umeme wa TANESCO huungua mara moja. Je, mirija yake bado inatengenezwa? Je, kitabu cha ufundi kipo? Je, aina hiyo iliwahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro?

Swali la mwisho si la kinadharia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipokea taarifa karibu 56,000 za matukio yenye madhara yaliyohusu pampu za dripu kati ya mwaka 2005 na 2009, na katika kipindi hicho pampu zilirudishwa mara 87. Kasoro zilikuwa za programu, za vitufe vinavyomchanganya mtumiaji, na za sehemu za umeme na mitambo. Mwaka 2010 mamlaka hiyo iliamuru kampuni ya Baxter iondoe sokoni pampu zake za Colleague, ambazo zilikadiriwa kufikia 200,000 nchini humo. Orodha za mashine zilizorudishwa husomwa bure. Asiyezisoma hana wa kumlaumu.

Taratibu za kufuata

Vifaa tiba husimamiwa na TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Mwagizaji hupata kwanza usajili wa eneo la biashara na kibali cha kuingiza shehena. Kwenye forodha pampu huangukia kichwa cha 9018 cha orodha ya bidhaa. Ushuru na kodi vithibitishwe na wakala kabla ya meli kung'oa nanga, si baada ya kufika bandarini.

Vituo vya umma hutegemea kwanza Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. MSD isipokuwa na bidhaa, kituo huweza kununua kwa mshitiri wa mkoa chini ya mfumo wa Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenea nchi nzima. Zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na sehemu yake hutengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Vijana waliosomea vifaa tiba, wakijisajili kama kikundi, wana mlango ambao tajiri wa peke yake hana.

Hospitali binafsi na za mashirika ya dini huamua haraka zaidi, lakini huuliza swali moja: mashine ikigoma Ijumaa usiku, nani atakuja?

Tahadhari

Malipo ya taasisi hupitia hatua nyingi. Mwenye kuanza kwa mkopo wa muda mfupi aweke akiba ya kumvusha miezi kadhaa. Betri za bei rahisi zisizo na chapa ya kuaminika zisikaribishwe, na za lithiamu zisibadilishwe kwa kukisia. Fundi asirekebishe mashine kwa kuzima kengele inayosumbua. Pampu iliyokosa kipuri iandikwe kuwa mbovu na ikae pembeni, hata mteja akisihi vipi.

Mfanyabiashara wa samaki akiuza samaki aliyelala, mnunuzi hujua kwa harufu. Pampu inayotoa dawa kupita kiasi haina harufu wala sauti, na skrini yake huonyesha namba sahihi. Anayeijua tofauti ni yule aliyeipima kwa mizani na kutia sahihi kwenye daftari. Sahihi hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, na katika mji wenye hospitali, chuo na watafiti, ndiyo itakayomletea mteja wa pili bila tangazo.